Mji Upi Ndio Ghali?

Katika kijiji chetu yuko mzee mmoja ambaye kijana wake anafanya kazi London, nchi ya Uingereza. Kijana anafagia na kupiga deki maofisini usiku, watu wengine wakiwa wamelala. Mwaka 2025 mzee alipata habari kwamba mshahara wa kijana, ukishakatwa kodi, ni kama paundi 1,800 kwa mwezi.

Mzee huyu alijifunza kusoma ukubwani, na hesabu anaijua. Aliuliza paundi moja ni shilingi ngapi. Akaambiwa ni kama 3,300. Akachukua kalamu, akazidisha. Akapata shilingi 5,940,000. Karibu milioni sita! Kila mwezi!

Wiki ileile kijana alituma nyumbani paundi 60. Zilipofika kwenye simu zilikuwa kama shilingi 198,000. Mzee alikuwa anangoja fedha za mabati. Akasema mbele ya watu, "Huyu mtoto ametusahau. Anapata milioni sita, mimi ananitumia laki mbili!" Mama wa kijana alilia. Wengine wakaanza maneno. Eti kijana amekuwa mlevi. Eti ameoa huko na hataki tena kujua kwao.

Je, mzee alikosea kuzidisha? Hapana. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Kosa lilikuwa mahali pengine, na ni kosa ambalo hata wasomi wakubwa hulifanya. Alizibadilisha fedha za London kuwa shilingi, halafu akazitumia kichwani mwake hapa hapa kijijini. Lakini kijana haishi hapa. Analala London, anakula London, anapanda basi London.

Basi leo tuzungumze habari za gharama za maisha katika miji mikubwa ya dunia. Mji gani ni ghali, mji gani ni rahisi, na watu wanajuaje?

KAPU LA WATAALAMU

Wataalamu wanapotaka kulinganisha miji, hufanya kama mama anayekwenda sokoni na kapu. Huandika vitu vya kutia kapuni: mkate, mchele, nyama, sabuni, nauli, kodi ya nyumba, nguo, mafuta ya gari na kadhalika. Halafu huuliza bei ya vitu vilevile katika kila mji. Bei zote huzibadilisha kuwa fedha ya aina moja, mara nyingi dola ya Marekani. Hapo ndipo hulinganisha.

Shirika moja linalofanya kazi hiyo linaitwa Economist Intelligence Unit. Katika ripoti yake ya mwaka 2023 liliangalia bei zaidi ya 400 katika miji 173. Mji wa New York, Marekani, hupewa namba 100. Mji ukipata namba 80, maana yake kapu lililo dola 100 New York, pale ni dola 80.

Na mji wa kwanza kwa ughali ulikuwa upi? Mwaka 2021 ulikuwa Tel Aviv, Israeli. Mwaka 2022 New York na Singapore zilishika nafasi ya kwanza pamoja. Mwaka 2023 zikawa Singapore na Zurich, mji wa Uswisi. Na mji wa rahisi kuliko yote, miaka yote mitatu, ulikuwa Damascus, nchi ya Siria.

Ukisoma hivyo unaweza kusema: kumbe watu wa Damascus wanaishi raha, na watu wa Singapore wana taabu. Ngoja kwanza.

Siria iliingia vitani mwaka 2011. Vita vilibomoa viwanda, mashamba na nyumba. Fedha ya nchi ile iliporomoka vibaya mno. Miaka ile, mtu mwenye dola akifika Damascus, aliona kila kitu ni bure. Dola yake moja iligeuka kuwa bunda la noti. Lakini mwalimu wa Damascus hakulipwa kwa dola. Alilipwa kwa hizo noti zilizoporomoka. Kwake yeye mkate ulipanda kila kukicha, na mshahara ulibaki nyuma. Mji ule ulikuwa rahisi kwa mgeni, na ghali ajabu kwa mwenyeji.

Na Singapore je? Katika kapu la wataalamu limo gari. Kule Singapore, mtu hawezi kununua gari tu akaliendesha. Tangu mwaka 1990 ni lazima kwanza anunue cheti cha kumruhusu kuwa na gari kwa miaka kumi. Serikali inatoa vyeti vichache, kwa sababu nchi ni ndogo na barabara hazitanuki. Watu wanavigombania kwa mnada. Mwaka 2023 cheti kimoja kilipita dola 100,000 za kwao. Cheti tu, gari bado! Kwa hiyo kapu la Singapore linakuwa zito sana. Lakini wenyeji wengi hawana haja na cheti hicho. Wanapanda basi na treni. Tena karibu watu wanane katika kila kumi wanakaa katika nyumba za ghorofa zilizojengwa na serikali. Kapu lao siyo lile la ripoti.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni hili: hili kapu ni la nani?

Tuchukue mfano wa hapa Afrika. Shirika jingine, Mercer, linalinganisha miji kwa ajili ya makampuni yanayopeleka wafanyakazi nchi za nje. Mwaka 2013 lilisema mji ghali kuliko yote duniani kwa wageni ni Luanda, mji mkuu wa Angola. Likarudia hivyo mwaka 2014, 2015 na 2017. Luanda! Siyo London, siyo Paris. Watu wengi walicheka, lakini sababu ilikuwepo. Angola ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1975 mpaka 2002. Mashamba yaliachwa, barabara zikaharibika. Baada ya vita mafuta ya petroli yakaleta fedha nyingi, na wageni wakaja kwa wingi. Wageni walitaka nyumba yenye ulinzi, maji na umeme usiokatika. Nyumba za namna hiyo zilikuwa chache. Walitaka matofaa, jibini na maziwa waliyozoea kwao, navyo vikaletwa kwa meli. Mama wa Luanda anayesonga ugali wa muhogo hakuwemo katika hesabu ile hata kidogo.

PESA NDOGO, PESA KUBWA

Tuseme kidogo juu ya kubadilisha fedha, maana hapo watu wengi huteleza.

Riali moja ya Oman ni karibu dola 2.6 za Marekani. Yeni moja ya Japani haifiki hata senti moja ya dola. Je, Wajapani ni maskini kuliko watu wa Oman? Hasha. Ukubwa wa sarafu moja ni kama ukubwa wa kipimo. Mwingine anapima mahindi kwa debe, mwingine kwa kikombe. Mwenye vikombe mia moja anaweza kuwa na mahindi mengi kuliko mwenye debe moja.

Na thamani ya fedha hupanda na kushuka. Mji wa Tokyo, Japani, uliongoza orodha ya ughali kwa miaka 14, mpaka mwaka 2006 ulipopitwa na Oslo, mji wa Norwe. Mwaka 2022 Tokyo ilishuka nafasi 24 kwa mkupuo. Kwani bei za Tokyo zilianguka? La. Yeni ndiyo iliyoanguka mbele ya dola. Mwenye dola alifurahi. Mwenyeji wa Tokyo aliendelea kulipa yeni zake kama kawaida, tena bidhaa kutoka nje zikamzidia bei.

SUKARI INAPANDA MELI, KINYOZI HAPANDI

Sasa tuje kwenye jambo linaloshangaza zaidi. Kwa nini vitu vingine bei yake ni karibu sawa kila mahali, na vingine vinapishana kama mbingu na nchi?

Angalia sukari. Bei ya kilo moja ya sukari London na Dar es Salaam, ukiigeuza kuwa shilingi, haipishani sana. Wakati mwingine ya Dar ndiyo huwa juu. Sukari inapanda meli. Ikiwa ghali mahali pamoja, mfanyabiashara ataipeleka pale mpaka bei ishuke.

Lakini angalia kunyoa. Mtaani Dar es Salaam unanyolewa kwa kama shilingi 2,000. London ni kama paundi 15, yaani karibu shilingi 50,000. Nywele ni zilezile, mashine ni ileile. Ila kinyozi hawezi kupanda meli kila asubuhi kutoka Dar kwenda kunyoa London halafu arudi kulala Manzese. Kinyozi wa London analala London. Analipa kodi ya chumba cha London na chakula cha London. Akinyoa kwa shilingi 2,000 atalala barabarani. Ndivyo ilivyo kwa fundi bomba, kwa mpishi wa hotelini, na kwa nyumba yenyewe. Vitu visivyosafiri ndivyo vinavyoufanya mji uwe ghali.

PIMA KWA SAA ZA KAZI

Basi ipo njia nyingine ya kulinganisha, na mimi naipenda kuliko zote, kwa kuwa haihitaji dola. Uliza hivi: mtu afanye kazi muda gani ndipo akipate kitu hicho?

Tupige hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara Uingereza kilikuwa paundi 12.21 kwa saa, kwa mtu wa miaka 21 na zaidi. Nauli ya basi London ilikuwa paundi 1.75. Kwa shilingi ni kama 5,775. Nauli ya daladala Dar es Salaam, kwa safari fupi, ilipandishwa Desemba 2023 ikawa shilingi 600. Kwa hiyo basi la London ni ghali karibu mara kumi. Siyo?

Sasa geuza. Kima cha chini kwa wafanyakazi wa biashara na viwanda Tanzania, kilichoanza Januari 2023, kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa saa ni kama shilingi 769. Mfanyakazi huyo akipanda daladala mara moja, ametoa kazi ya dakika 47. Yule wa London akipanda basi mara moja, ametoa kazi ya dakika 9 tu. Kumbe daladala ndiyo ghali! Ndiyo maana alfajiri katika Dar es Salaam na Nairobi unakuta watu wengi sana barabarani wanakwenda kazini kwa miguu. Hawafanyi mazoezi ya mwili.

Kunyoa vilevile. Wa London anafanya kazi saa moja na robo. Wa Dar anafanya saa mbili na nusu na zaidi kidogo.

Benki moja ya Uswisi, UBS, ilianza kulinganisha bei na mishahara ya miji tangu mwaka 1971. Mwaka 2015 ilitazama simu moja ya bei kubwa, ileile kila mahali. Mfanyakazi wa kawaida wa Zurich aliipata kwa kazi ya saa 21 hivi, yaani hazifiki siku tatu. Wa Nairobi ilimbidi afanye kazi saa 468. Kwa saa nane kwa siku, hizo ni siku 58 na nusu, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Basi Zurich, mji unaoitwa ghali kuliko yote, kwa simu hiyo ulikuwa rahisi mara ishirini na zaidi.

Mpaka hapa unaweza kusema: basi mzee alikuwa na haki, kijana ana raha. Tusiende mbio. Tupime chumba.

Chumba kimoja London, katika nyumba ya kuchangia jiko na choo, tuseme ni paundi 850 kwa mwezi. Hizo ni saa 70 za kazi. Chumba kimoja cha uswahilini Dar, tuseme shilingi 50,000. Hizo ni saa 65. Umeona? Katika nauli mtu wa London alikuwa mbali sana mbele. Katika chumba wanakaribiana. Na hicho ni chumba tu. Nyumba nzima ya kupanga London mwaka 2025 ilikuwa kwa wastani zaidi ya paundi 2,200 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi ya mshahara wote wa yule kijana. Akitaka kuishi na mke na watoto, hawezi peke yake.

MASKINI HULIPA ZAIDI

Tena ndani ya mji mmoja kuna miji miwili. Ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya maendeleo ya watu ya mwaka 2006 ilieleza habari ya maji. Wakazi wa mitaa ya mabanda katika Nairobi, Jakarta na Manila walikuwa wanalipa maji mara 5 mpaka 10 zaidi kuliko matajiri wa miji hiyo hiyo. Tena walilipa kuliko watu wa London na New York!

Inakuwaje? Tajiri ana bomba ndani ya nyumba. Analipa shirika la maji kwa mita. Mkazi wa mabanda hana bomba. Ananunua dumu moja moja kwa mchuuzi. Mchuuzi naye amenunua kwa mwenye tangi, na mwenye tangi amelipia gari. Kila mkono maji yanapopita unaongeza chake. Ni kama mtu anayenunua mafuta ya kula kwa kipimo cha kijiko dukani. Mwisho wa mwezi amelipa kuliko aliyenunua dumu zima, lakini fedha ya dumu zima hakuwa nayo siku yoyote.

Bwana mmoja Mjerumani, Ernst Engel, alichunguza matumizi ya familia za wafanyakazi akaandika jambo hili mwaka 1857: kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya fedha yake inavyokwenda kwenye chakula. Jambo hilo limeonekana kuwa kweli mpaka leo. Familia ya kawaida ya Marekani ikipata dola 100, chakula hakizidi sana dola 10 au 12. Familia nyingi za mijini kwetu zikipata shilingi 100, nusu na zaidi zinaliwa. Kwa hiyo bei ya unga ikipanda, mtu wa New York ananung'unika. Mtu wa Dar analala njaa.

Nasi wa kijijini tuna jambo ambalo halimo katika kapu lolote. Mihogo ya shambani haina risiti. Nyumba uliyoijenga mwenyewe haina mwenye nyumba wa kugonga mlango tarehe mosi. Kuni, mboga za porini, yai la kuku wako, vyote hivyo tunavila bila kuvihesabu. Ndiyo maana kijana akitoka hapa kwenda mjini kwa mshahara wa laki mbili, anaona ni fedha nyingi. Akifika anagundua kwamba hata mchicha unanunuliwa.

Wapo pia vijana wetu wanaokwenda Muscat na Dubai kufanya kazi za nyumbani. Huko mara nyingi mwajiri ndiye anayetoa mahali pa kulala na chakula. Mshahara unaweza kuwa mdogo kuliko wa London, lakini kapu lenyewe karibu ni tupu, na fedha nyingi inaweza kurudi nyumbani. Ila mkataba usomwe vizuri kabla ya kupanda ndege. Uandikwe wazi ni nani analipa chakula, nani analipa matibabu, na nani analipa tikiti ya kurudi.

MZEE NA KIJANA WAKE

Turudi kwa mzee wetu. Jirani yake mmoja alimshauri, badala ya kununa amwulize kijana bei za huko. Mzee akaandika ujumbe kwa simu, kwa vidole vyake mwenyewe. Aliuliza: chumba bei gani, nauli bei gani, unakula kwa kiasi gani?

Jibu lilikuja usiku uleule. Mzee alinionyesha, nami nalinakili kwa ruhusa yake:

"Shikamoo baba. Chumba 850. Nauli ya mabasi 107. Chakula 250. Simu 15. Nguo, sabuni na mengineyo 80. Deni la tikiti ya ndege 100 kila mwezi, bado mwaka mmoja. Akiba ya kibali cha kuishi huku na ada ya hospitali, 150. Ada hiyo ya hospitali peke yake wageni tunatozwa 1,035 kwa mwaka."

Mzee alijumlisha. Akapata 1,552. Akatoa katika 1,800. Zikabaki paundi 248. Akakaa kimya muda mrefu. Milioni sita zilikuwa zimekuwa laki nane na kidogo.

Lakini mzee ni mzee. Akachukua tena kalamu, akaandika: "Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, na pole kwa kazi. Katika hizo 248 umenitumia 60. Zile 188 ziko wapi?"

Kijana akajibu kwamba anaziweka. Kazi ile haina uhakika, na akikosa mshahara mwezi mmoja, mwenye nyumba hatamsubiri.

Walijadiliana siku mbili hivi, wakiandikiana namba. Mwishowe wakapatana: mabati matano kila mwezi, yakinunuliwa hapa na mama yake, na risiti ipigwe picha itumwe London. Mpaka sasa yamefika mabati kumi na tano, yapo chini ya kitanda.